Anayekunywa Chini ya Sakafu

Godoro la bibi Theodora lililowa asubuhi moja ya mwezi wa nane, wakati Ilongero nzima imekauka na upepo unabeba vumbi la mashamba ya alizeti hadi ndani ya vyungu. Bibi alikuwa analala chini, kitanda hakukizoea tangu utoto wake, na godoro lake jembamba lilitandikwa juu ya sakafu ya saruji katika chumba cha nyuma. Ritha, mke wa mwanawe, aliliona lilivyolowa alipoingia kufagia.

Alilinyanyua. Upande wa juu, anaolalia mtu, ulikuwa mkavu. Upande wa chini ndio uliolowa. Akaweka kiganja, akasikia baridi ya maji ya mtungini, akakipeleka kiganja puani na hakupata harufu ya mkojo. Hayo aliyaona kwa macho na kuyagusa kwa mkono wake mwenyewe, nasi tuyashike, maana siku si nyingi atajifanya hakuyaona.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu." Bibi alikuwa amekaa kwenye kigoda, mikono magotini. "Umeona?"

"Nimeona, mama."

"Si mimi, Ritha." Alisema kwa sauti ya chini, kama anayeogopa kusikiwa na mtu wa tatu. "Kuna mtu anakunywa chini ya nyumba. Nikilaza sikio namsikia. Anakunywa, anapumzika, anakunywa tena."

Ritha akacheka kidogo, kicheko cha kuhurumia uzee, akalitoa godoro nje likaanikwe.

Nyumba ile ilikuwa ya kwanza katika mtaa wao kuingiza bomba ndani. Wenzake Ritha bado walikuwa wanapanga ndoo kwenye kituo cha maji, wakigombana na kusengenyana kama kawaida ya foleni, naye akija mgeni alikuwa na tabia ya kwenda jikoni, kufungua koki, na kuyaacha maji yaanguke kwenye sufuria kwa kelele. Hakuna aliyemwuliza habari za bomba, lakini wote walirudi kwao wakiwa wamezipata.

Nyumba yenyewe ilisimama juu ya zizi la zamani. Zizini humo ndimo alimozikwa baba mkwe, mzee Antipasi, kama walivyozikwa wenye miji wa Kinyaturu, yaani wakuu wa kaya, tangu zamani: chini ya samadi, ng'ombe wapite juu yake, hadi mtu asijue tena kaburi liko wapi. Mzee alikuwa Mkristo na padri alimwombea vizuri, lakini aliacha neno kwamba alazwe na ng'ombe wake. Miaka ikapita, ng'ombe wakahamishwa, na Emilian, mume wa Ritha, akataka kujenga nyumba ya matofali. Bibi aliwaomba wajenge pembeni. Ritha ndiye aliyesema, "Zizi lote hili, mama, tutamkutia wapi mtu mmoja?" Tena aliona aibu kumweleza fundi kwamba yeye, katibu wa jumuiya ya kanisa, ana mkwe aliyelala chini ya mavi ya ng'ombe. Basi wakajenga. Fundi Philipo akapitisha mtaro wa bomba humohumo, udongo wa samadi ni laini, akachimba huku anapiga mluzi. Nyumba ilipokwisha bibi alichagua mwenyewe chumba cha nyuma, na mahali pa kulaza kichwa alipachagua kwa kupapasa sakafu kwa kiganja. Hakuna aliyemwuliza kwa nini.

Godoro likaendelea kulowa. Halafu ikafika zamu ya nyumba yao kupokea jumuiya.

Walikuja jioni jua likiwa bado juu, akina mama wengi na wanaume wachache, wakajaa sebuleni. "Tumsifu Yesu Kristo." "Milele amina." Bibi Theodora alikaa kwenye mkeka wake, rozari mkononi, karibu na pazia la ukumbi unaoelekea chumbani kwake. Rozari ilienda vizuri. Walipopiga magoti kwa litania, Eliza, jirani wa upande wa juu, mwanamke mwenye pua kali na mdomo mkali zaidi, akayainua magoti yake ghafla na kushika kitenge chake.

"Mama Happiness," akamwambia Ritha, "mbona hapa pamelowa?"

Maji yalikuwa yamepita chini ya pazia bila mtu kuyaona. Na harufu ikapanda, harufu ya zizi siku ya mvua ya kwanza, samadi iliyolala miaka ikiamshwa pamoja na mikojo yake yote. Watu wakaangalia chini. Wengine wakapeleka mikono puani kwa adabu, kama wanaojifuta jasho.

Ritha angeweza kusema hajui. Angeweza kusema labda ni bomba. Lakini bomba lilikuwa taji lake, na mbele ya macho ya Eliza taji halivuliwi. Kabla hajajizuia akasikia mdomo wake unasema, "Mtusamehe jamani. Ni mama. Uzee huo, siku hizi hajizuii."

Bibi Theodora alimtazama mkwewe bila hasira, na hilo ndilo Ritha alilokuja kulikumbuka zaidi. Kisha bibi akainuka polepole, akavuta khanga yake nyuma kwa mikono miwili kama anayeficha doa, akatoka. Ritha aliiona ile khanga. Ilikuwa kavu.

Jioni ileile bibi alihamia stoo ya alizeti iliyoko uani. Alisema ndani ya nyumba anawasumbua. Emilian, aliyekuwa amechelewa kwenye mashine ya kukamua mafuta, alikuta mama yake amelala kati ya magunia. Aliuliza kulikoni, Ritha akasema mama amependa mwenyewe. Uongo huo mdogo ulipita vizuri kuliko ule mkubwa.

Sasa, ikiwa mlowanishaji amehama, sakafu ilipaswa kukauka. Haikukauka.

Asubuhi ya kwanza Ritha alikuta alama ya maji pale godoro lilipokuwa. Ilikuwa na umbo la mtu aliyelala ubavu, amekunja magoti. Akaipangusa. Kesho yake mtu wa maji alikuwa amenyoosha miguu. Siku ya tatu alikuwa amekaa, mgongo ukiwa ukutani, kwa maana unyevu ulikuwa umepanda kwenye lipu hadi usawa wa kichwa. Ritha alifunga mlango wa chumba kile akaweka na gunia kwenye mwanya wa chini.

Jioni moja wakiwa mezani, kutoka nyuma ya mlango ule kikasikika kikohozi. Kikohozi kizito, cha mara mbili, na mguno mfupi mwishoni. Emilian akaacha tonge la ugali hewani.

"Baba?" alinong'ona.

"Nyamaza," Ritha akanong'ona pia. "Usiitike."

"Ritha, ndivyo baba alivyokuwa anakohoa akirudi kutoka machungani."

"Nimesema usiitike!"

Ugali hawakuugusa tena, na nyuma ya mlango kitu kikaanza kunywa. Kilikunywa kama anavyokunywa mtu aliyetoka mbali: gu, gu, gu, kisha pumzi.

Siku iliyofuata, adhuhuri, saa ile jua linaposimama utosini na kuku wote wamejificha chini ya mhogo, Ritha alikuwa peke yake nyumbani. Alikuwa anachambua mchele sebuleni. Akasikia baridi kwenye kisigino, akageuka, akaona gunia lililokuwa limeziba mwanya wa mlango limesukumwa pembeni, limelowa, na kutoka pale mlangoni alama za maji zimekuja juu ya saruji, moja baada ya nyingine, alama za nyayo pana zenye vidole vilivyotanuka vya mtu asiyewahi kuvaa viatu, zimepita ukumbini, zimepita chini ya pazia, zimefika nyuma ya kiti chake na hapo zimesimama zikiwa zimegeukia mgongo wake, na katikati ya nyayo mbili za mwisho matone yalikuwa yanadondoka kutoka hewani, tone, tone, tone, bila kitu juu yake, huku ile harufu ya zizi ikimjia shingoni pamoja na ubaridi wa pumzi, na mdomo usioonekana, karibu kabisa na sikio lake la kushoto, ukafanya sauti ya kumeza mate, kisha ukasema kwa sauti ya mzee Antipasi, taratibu, kama mzee anayeulizia ng'ombe aliyepotea: "Mke wangu umemweka wapi?"

Mchele ulimwagika wote. Ritha alikimbilia barabarani bila viatu wala kitambaa cha kichwa, katibu wa jumuiya, na waliomwona wakadhani amepata msiba.

Kesho yake, Emilian alipoondoka kwenda mashineni, Ritha alipanda bodaboda hadi mjini na gari hadi Ihanja, amejitanda khanga hadi puani asijulikane. Huko kulikuwa na mganga mwanamke aitwaye Hana, na alirudi naye akimwita shangazi kwa kila waliyekutana naye njiani. Hana hakuwa na tunguri wala manyoya. Alikuwa bibi mnene anayependa soda, na alipoingia chumba cha nyuma alivua kandambili, akasimama peku pale alama ya mtu ilipokuwa, akafumba macho.

"Mzee wenu amelala," alisema hatimaye. "Hagombani na mtu. Aliyeamka ni mwingine. Maji yanayopotea chini bila mwenyewe, jini huja akayafanya yake. Huyu alikuja kunywa tu, akamkuta mwenye mji amelala, akaazima sauti yake. Angekunywa aondoke. Kwa nini amebaki?"

"Sijui, shangazi."

"Nani alikuwa analala hapa?"

Ritha akamwambia, kwa mkato. Hana akauliza tena.

"Siku ulipogusa godoro, maji yalikuwa baridi au vuguvugu?"

Ritha alitazama ukuta. Akatazama vidole vya miguu yake. Kusema uongo mbele ya yule mama kulikuwa kama kujificha nyuma ya kijiti.

"Baridi," alisema.

"Kumbe ulijua."

"Nilijua." Neno lilimtoka pamoja na machozi, na uso wote ukamwaka moto. "Nilijua, shangazi. Niliona aibu ya bomba langu."

"Basi aibu ya bomba ukaivua ukamvika mama wa watu, mbele ya wanaomsalimia. Ndiyo maana amebaki." Hana alizungumza bila kugomba, na Ritha angependa agombe. "Jini huyu hataki kuku, hataki ubani. Ameonja aibu iliyowekwa pasipo pake, imemnogea kuliko maji. Maji yazibwe na fundi. Hili lingine utaliziba wewe. Waite walewale, mahali palepale, useme hilo neno ulilonitamkia hapa: nilijua. Lote. Ukilikata katikati, atatoka kwenye sakafu na kukufuata wewe."

Philipo aliitwa siku ileile. Alifunga koki zote za nyumba, kisha akawaita wakaangalie mita ukutani: kile kigurudumu chekundu kilikuwa kinazunguka kwa raha zake. "Mnavujisha tangu lini nyie?" alisema kwa dharau ya ufundi. Kwanza alivunja bafuni akasema ni hapo, hapakuwa hapo. Akavunja jikoni, hapakuwa hapo. Mwishoni akaenda chumba cha nyuma bila kupenda, akasimamisha nondo juu ya saruji, akaweka sikio kwenye ncha ya juu. Dharau ikamtoka usoni.

"Yuko hapa," alisema. Kisha upesi, "Yapo, maji yapo hapa."

Walivunja saruji, wakachimba. Bomba lilionekana, na kwenye kiungio kimoja maji yalikuwa yanaruka kama kutoka kwenye chuchu ya ng'ombe. Kiungio kilikuwa kimefungwa kwa mpira wa ndani wa tairi la baiskeli, fundo juu ya fundo, na fundo lile Philipo alilifahamu kwa sababu lilikuwa lake. "Panya hawa," alisema akikwepa macho ya Emilian. "Panya wamezidi sana Ilongero." Hata yeye alikuwa na aibu yake ya kumvika mwingine.

Lakini kicheko hakikumtoka mtu. Emilian alikuwa ameinama na tochi, akitazama chini ya bomba. Maji yaliruka bila kukoma, na udongo chini yake ulikuwa mkavu kama unga wa mtama. Hapakuwa na tope hata la kuchafua ukucha. Yalifika pale yakaisha, kama yanayokingiwa na mdomo. Unyevu wote ulikuwa juu, kwenye mgongo wa bomba, ukipanda kuelekea sakafuni.

Philipo aliweka kiungio kipya, akafukia, akamwaga saruji na kuondoka bila kunywa chai. Kigurudumu cha mita kikasimama.

Ritha akaenda stoo. Bibi Theodora alikuwa anapepeta alizeti, vumbi jeusi limemjaa kwenye kope.

"Mama, lilikuwa bomba."

"Nashukuru, mwanangu," bibi alisema. Akasubiri kidogo, ungo ukiwa umetulia mikononi, kama anayempa mtu nafasi ya kupita mlangoni. Ritha hakupita. Akachukua godoro akalirudisha chumbani, na kuanzia hapo halikulowa tena.

Akaomba jumuiya irudi kwake. Wakashangaa, zamu yake ilikuwa mbali, lakini wakaja. Walewale, Eliza akiwa palepale karibu na pazia, bibi kwenye mkeka wake. Ritha alikuwa amelifanyia neno lake mazoezi jikoni na shambani. Nilijua. Neno fupi tu. Sala zilipokwisha akaomba nafasi, akiwa bado amekaa kitini.

"Ile siku mlipokuja," alianza. "Nilisema jambo juu ya mama. Kumbe lilikuwa bomba, limepasuka chini." Akamwona Eliza anamtolea macho. Akaona watu wote waliowahi kusikia koki yake ikimimina. Neno lilikuwa limefika kwenye ulimi, na ulimi ukaligeuza. "Sisi hatukujua. Tulimsingizia mama bila kujua. Tunamwomba msamaha."

Wakapiga makofi. "Hayo ndiyo mapendo!" akasema mtu. Wakainuka kuja kumshika mkono, naye Ritha akainuka kuwapokea, na makofi yakaanza kupungua, kutoka nyuma kuja mbele, hadi yakaisha.

Aliisikia baridi kwanza. Kitenge kilikuwa kimegandana na mapaja. Maji yalishuka miguuni yakajaa kwenye kandambili, na kiti alichokuwa amekalia kilikuwa kinadondosha. Safari hii harufu haikuwa ya samadi. Ilikuwa ya mkojo wa mtu, mbichi, na kila mwenye pua aliijua. Eliza alifungua mdomo.

"Ni bomba hilo, wanangu!"

Bibi Theodora alikuwa amesimama. Alikuja kwa haraka ambayo hawakuijua kwake, akiifungua khanga yake ya juu. "Mafundi wa siku hizi jamani, leo wameziba, kesho linapasuka. Njoo mwanangu, usije ukapata baridi." Akamzungushia Ritha khanga kiunoni, akaifunga vizuri mbele, kama anavyofungwa mtoto wa kike anayekwenda shule siku ya kwanza.

Watu wakaangalia sakafu. Saruji ilikuwa kavu, nyeupe kwa ukavu. Mlango ulikuwa bado wazi kwa Ritha. Mikono ya bibi ilikuwa bado kiunoni kwake, macho yake ya kizee yakimtazama bila hasira, yakingoja.

"Ndiyo," Ritha alisema. "Ni bomba."

Na kitu kikameza. Hakikuwa chini ya sakafu tena. Kilikuwa ndani ya koo lake mwenyewe, na hakuwa amemeza yeye.

Mita ile haijazunguka ovyo tangu siku hiyo. Chumba cha nyuma ni kikavu na bibi Theodora analala vizuri. Ni godoro la Ritha ndilo linalolowa, upande wa juu, na Emilian ameanza kulala sebuleni akisingizia joto, mwezi huu wa baridi. Kabla ya jogoo wa pili Ritha huliburuta hadi nyuma ya stoo ya alizeti, mahali wapita njia hawapaoni. Ni zito likiwa na maji. Bibi huwa ameshaamka, hujitokeza bila kuitwa, hushika upande wa pili, wakalitupa pamoja juu ya kamba.

"Sema tu, mwanangu," bibi humwambia kwa sauti ya chini. "Ukisema litakwisha."

"Jumuiya ijayo, mama," hujibu Ritha.